Kabla ya Kuongeza RAM: Hesabu Hufanywa Nyumbani, Si Dukani

Katika nyumba nyingi za pwani yetu, kompyuta ni moja na wenye haja nayo ni wengi. Asubuhi mama huitumia kuweka hesabu za biashara yake ya mapishi au ya mabuibui na kujibu maagizo ya wateja. Alasiri kijana wa sekondari huifungua kufanya kazi aliyopewa na mwalimu. Jioni mdogo wake hutazama somo la hisabati au husikiliza darsa, na usiku baba naye huikalia kujaza fomu za serikali au ripoti ya kodi kabla ya tarehe 30 Juni kufika. Miaka ya mwanzo chombo hicho huitika vizuri. Kisha huanza kuzubaa: ukurasa hukawia kufunguka, kishale huganda katikati ya kioo, na mtoto hulalamika kwamba mwalimu amekwisha maliza somo ilhali picha yake haijatokea.

Hapo ndipo chombo hupelekwa kwa fundi, na jawabu la fundi aghalabu huwa ni lile lile: "Dada, hii yataka kuongezwa RAM." Huenda akawa amesema kweli tupu. Huenda pia maradhi ya chombo yakawa mbali kabisa na RAM, na fedha zikatoka bila ya nyumba kuona nafuu. Hata pale ambapo RAM ndiyo dawa, hubaki swali la kipimo: iongezwe kiasi gani? Fundi mmoja atasema 8 GB, wa pili 16, na wa tatu atasema afadhali kununua kompyuta nyingine.

Ndugu msomaji, swali hili halihitaji elimu ya chuo kikuu. Ni hesabu ya kawaida kama ile ya kupima mchele kwa idadi ya wageni, na tarakimu zake zote zimo ndani ya nyumba yako. Makala haya yanakusudia kukuonyesha zilipo na namna ya kuzijumlisha, ili ukifika dukani uwe umekwisha amua.

Meza na stoo

Kompyuta ina mahali pawili pa kuwekea vitu, na watu wengi huchanganya mahali hapa pawili. Pa kwanza ni diski. Hiyo ndiyo stoo ya nyumba: picha za harusi, barua, hesabu za miaka iliyopita na programu zote hukaa humo, na hubaki humo hata umeme ukikatika. Pa pili ni RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi. Hiyo ni meza ya jikoni.

Mpishi anayeandaa pilau hawezi kupikia ndani ya stoo. Hutoa mchele, vitunguu, nyama na bizari akaviweka mezani, kisha kazi ikaanza. Meza ikiwa pana, kila kitu kiko mbele yake na mkono wake haukawii. Meza ikiwa finyu, hulazimika kurudisha bizari stoo ili apate nafasi ya kukatia vitunguu, kisha arudishe vitunguu ili achukue bizari. Chakula kitaiva, lakini wageni watakuwa wamechoka kungoja. Stoo hata ikiwa kubwa kama ghala la bandarini, haiongezi upana wa meza hata kwa shubiri moja. Kwa hiyo anayesema "kompyuta yangu ina 500 GB" amezungumzia stoo. Bado hatujajua meza yake.

Tofauti ya mwendo baina ya sehemu hizi mbili ni kubwa mno. RAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100, na diski ya kuzunguka ya mtindo wa zamani huchukua milisekunde 10 hivi, yaani mara 100,000 zaidi. Tuseme kunyoosha mkono mezani huchukua sekunde 1. Kwa kipimo hicho, kwenda stoo na kurudi ni safari ya zaidi ya saa 27. Diski mpya za aina ya SSD, ambazo hazina kitu kinachozunguka ndani yake, huifupisha safari hiyo ikawa ya dakika 17 hivi. Ni nafuu kubwa, lakini bado ni safari. RAM inapojaa, kompyuta haisimami; huanza kuvisukuma vitu diskini na kuvirudisha kila vinapohitajika. Kule kuzubaa unakokuona ndizo hizo safari za stoo.

RAM ina sifa ya pili ambayo kila anayeishi na umeme wa kukatikakatika anapaswa kuijua. Kumbukumbu ya aina hii ilibuniwa mwaka 1966 na mhandisi Robert Dennard wa kampuni ya IBM nchini Marekani. Ndani yake kila chembe ya habari hushikwa kama chaji ndogo mno ya umeme, na chaji hiyo huvuja. Ndiyo sababu chipu hulazimika kuijaza upya mara nyingi katika kila sekunde. Umeme ukikatika, kinachokuwa mezani hupotea chote. Kwa hiyo RAM hata iwe nyingi namna gani, haimkingi aliyeandika kurasa kumi bila ya kuzihifadhi.

Pima kwanza, dawa baadaye

Fundi cherehani hakati kitambaa kabla ya kuchukua vipimo. Kompyuta nayo hupimwa vivyo hivyo, na kipimo chake ni cha bure.

Ngoja saa ambayo nyumba ina kazi nyingi zaidi. Fungua kila kitu ambacho hufunguliwa kwa kawaida: kurasa za intaneti, WhatsApp ya kwenye kompyuta, somo la video, faili la hesabu. Usiongeze kitu kwa kujaribu, na usipunguze kwa kuonea haya. Kisha, kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha liitwalo Task Manager. Ingia sehemu ya Performance, halafu Memory.

Utaona asilimia ya RAM inayotumika. Ikiwa katika saa hiyo ya kazi nyingi haipiti 70 au 75, meza yako haijajaa, na kuongeza RAM hakutaondoa uzito unaouona. Ikiwa imekaa juu ya 85 au 90 muda wote, hapo meza imejaa kweli.

Chini ya mchoro huo kuna neno Committed likifuatwa na tarakimu mbili. Ile ya kwanza ndiyo yenye faida kwetu, kwa sababu huonyesha jumla ya kumbukumbu ambayo programu zako zimeidai, pamoja na ile iliyokwisha sukumwa diskini kwa kukosa nafasi. Kompyuta yenye 4 GB haiwezi kuonyesha kwamba inatumia 5, lakini Committed inaweza kukwambia kwamba zimedaiwa 5. Tarakimu hii huzidi kidogo mahitaji halisi, kwa hivyo ichukue kuwa ni kikomo cha juu. Iandike kwenye karatasi, na urudie kipimo hicho kwa siku tatu au nne.

Ukiwa hapo hapo, tazama pia mstari wa diski. Ikiwa RAM ina nafasi ya kutosha lakini diski imekaa kwenye asilimia 100 kwa dakika nyingi baada ya kuwasha, na ndani mna diski ya kuzunguka, basi mgonjwa ni diski. Dawa yake ni kuibadilisha kwa SSD. Kwa kompyuta nyingi za umri wa miaka saba au kumi, badiliko hilo moja huleta nafuu kubwa kuliko RAM ya kiasi chochote.

Kuna na dawa ya tatu isiyogharimu hata senti. Programu nyingi, zikishawekwa, hujipa ruhusa ya kuamka zenyewe kila kompyuta inapowashwa, zikakaa mezani bila ya kuitwa. Katika dirisha lile lile kuna sehemu ya Startup inayoziorodhesha. Zile ambazo nyumba haizihitaji kila siku zizuie zisiamke, kisha uwashe upya na upime tena. Huenda ukapata nusu GB au zaidi bila ya kutoka mlangoni.

Hesabu ya nyumba moja

Tuchukue nyumba ya mfano yenye kipakatalishi, yaani laptopu, cha 4 GB. Vipimo vya saa ya kazi nyingi vimetoka hivi: Windows yenyewe na kinga yake ya virusi, 2.2 GB, kivinjari chenye kurasa nane zilizoachwa wazi, 1.6 GB, somo la video, 0.6 GB, WhatsApp, 0.4 GB, faili la hesabu na la maandishi, 0.4 GB. Jumla ni 5.2 GB.

Kwa jumla hiyo ongeza robo yake, kwa sababu programu hunenepa kila zinapoboreshwa na watoto hukua pamoja na masomo yao. Robo ya 5.2 ni 1.3, na jumla mpya ni 6.5 GB. RAM haiuzwi kwa vipimo vya namna hiyo. Huuzwa kwa 4, 8, 16 na kuendelea. Kiasi kinachofuata juu ya 6.5 ni 8. Kwa hiyo nyumba hii inahitaji 8 GB.

Itakuwaje nyumba hiyo ikiuziwa 16? Kompyuta haitadhurika, na Windows itaitumia sehemu iliyobaki kuweka tayari vitu ilivyovifungua karibuni. Lakini nafuu ya kutoka 4 hadi 8 itaonekana na kila mtu nyumbani, na ile ya kutoka 8 hadi 16 huenda isionekane na yeyote. Meza ikishatosha vyombo vyote, kuipanua zaidi hakuivishi chakula upesi. Fedha iliyozidi ni bora iwekwe kwenye SSD, au kwenye karo, kuliko kukaa ndani ya mashine bila ya kazi. Israfu si lazima iwe ya karamu na vito; huweza kuwa ya GB pia.

Kiasi kwa kazi

Anayetaka kulinganisha hesabu yake na desturi ya jumla aichukue hii.

4 GB ndicho kiwango cha chini ambacho Microsoft imekiweka kwa Windows 11, na cha chini maana yake ni kwamba itawaka, si kwamba itamridhisha mtu. Inamfaa anayefanya jambo moja kwa wakati mmoja: barua, au ukurasa mmoja, au somo moja. Mwenye kufungua mengi ataumia.

8 GB inatosheleza nyumba nyingi: masomo ya watoto, mikutano ya video, hesabu za biashara ndogo, filamu na barua. Anayeanza na 4 na asiyejua afanye nini, hapa ndipo pa kwanza pa kutazama.

16 GB inamfaa anayefanya kazi yake ya riziki kwenye kompyuta kutwa nzima huku kurasa thelathini ziko wazi, anayehariri picha za harusi au video fupi za bidhaa zake, au mwanafunzi wa chuo anayejifunza uhandisi au uandishi wa programu. Pia inamfaa anayenunua kompyuta mpya ambayo RAM yake haiwezi kuongezwa baadaye, kwa sababu huyo ananunua ya leo na ya miaka sita ijayo kwa pamoja.

32 GB na zaidi ni ya mtu mwenye kazi maalumu, kama mhariri wa video ndefu za ubora wa juu au mchoraji wa majengo. Mtu huyo huwa anajua kwa nini anaihitaji. Ukiambiwa unahitaji 32 na mwenye kukwambia hawezi kutaja kazi itakayoitumia, rudi nyumbani.

Mashine inakubali nini?

Mpaka hapa tumejua nyumba inataka nini. Sasa tuiulize mashine inakubali nini, kwa maana hizi ni habari mbili tofauti.

Kwanza, aina. RAM zilizomo katika kompyuta za nyumbani leo ni za vizazi vitatu: DDR3 iliyotoka mwaka 2007, DDR4 ya mwaka 2014, na DDR5 ambayo vipimo vyake vilitangazwa mwaka 2020. Haziingiliani. Kila kizazi kimekatwa pengo mahali pake mahsusi kwenye ukingo, ili kisiweze kuingia pasipo pake. Kadi za vipakatalishi nazo ni fupi kuliko za kompyuta za mezani. Isitoshe, kuna DDR3 ya kawaida inayotumia volti 1.5 na DDR3L inayotumia volti 1.35, na vipakatalishi vingi vya mwaka 2013 na kuendelea hutaka hiyo ya pili. Njia ya salama ni kwenda dukani na kadi iliyokuwamo, au picha ya karatasi iliyobandikwa juu yake.

Pili, nafasi. Katika sehemu ile ile ya Memory utaona mahali palipoandikwa Slots used, yaani nafasi ngapi zimetumika kati ya ngapi zilizopo. Chukua mfano wa vipakatalishi vya mitumba vinavyoonekana sana madukani mwetu. HP EliteBook 840 G3 ina nafasi mbili na hutumia DDR4. Ikiwa na kadi moja ya 4 GB, unaweza kuiongezea nyingine bila ya kuitupa ya kwanza. Lenovo ThinkPad X240 ina nafasi moja tu, na kiwango chake rasmi cha juu ni 8 GB. Kuiongezea ni kuitoa kadi iliyomo na kuweka nyingine. Tena ziko kompyuta ambazo RAM yake imelehemiwa moja kwa moja kwenye ubao mama, kama vile MacBook Air, na hizo haziongezeki kabisa. Ulichonunua ndicho utakachokuwa nacho.

Penye nafasi mbili, kadi mbili zinazolingana, kama 4 na 4, hufanya kazi kwa pamoja na kuipa mashine mwendo bora kidogo kuliko kadi moja ya 8. Lakini kadi moja ya 8 huacha mlango wazi wa kuongeza siku nyingine. Nyumba inayotarajia mahitaji kukua ichukue njia ya pili. Nyumba iliyokwisha tosheka ichukue ya kwanza.

Tatu, mfumo wenyewe. Kompyuta za zamani huenda zina Windows ya biti 32. Mfumo huo haufiki mbali zaidi ya 4 GB, na aghalabu hutumia 3 na kitu tu kati ya hizo. Ukiiongezea hadi 8 bila ya kubadilisha mfumo, 4 zitakaa kama viti vilivyopangwa katika chumba kilichofungwa. Habari hii iko katika mipangilio ya kompyuta, sehemu ya About, kwenye mstari wa System type. Itazame kabla ya kutoa fedha.

Je, mashine inastahili?

Kuna swali ambalo muuzaji hawezi kukuuliza, kwa sababu jawabu lake laweza kumkosesha biashara: je, kompyuta hii yastahili kutiwa fedha?

Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Watumiaji wa nyumbani walifunguliwa njia ya kujiandikisha ili wapate marekebisho ya usalama kwa mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 2026. Windows 11, kwa upande wake, haizikubali rasmi kompyuta nyingi zilizotangulia kizazi cha 8 cha Intel Core. Kizazi hujulikana kwa tarakimu inayofuata kistari katika jina la prosesa: i5-8250U ni ya kizazi cha 8, na i5-6300U ni ya kizazi cha 6.

Kwa hiyo mwenye mashine ya kizazi cha 6 asikimbilie kuitia 16 GB kana kwamba ni mpya. Anazo njia mbili za busara. Ya kwanza ni kuipa kiasi cha kadiri, 8 GB na SSD, kisha kuiwekea mfumo wa bure wa Linux. Mfumo kama Linux Mint huridhika na 4 GB kwa kazi za kawaida, na huendelea kupata marekebisho ya usalama. Ya pili ni kuiacha ilivyo, na kuikusanya fedha hiyo kidogo kidogo kwa ajili ya mashine nyingine. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa mwenye kizazi cha 8 na kuendelea mambo ni mepesi zaidi: kuongeza RAM ni kuurefusha umri wa chombo ambacho bado kina miaka ya kutumika.

Jambo la bei nalo lina uzito wake. Tangu miezi ya mwisho ya mwaka 2025, bei za RAM zilipanda duniani kote, kwa sababu kampuni kubwa tatu zinazoitengeneza, Samsung, SK Hynix na Micron, zilielekeza sehemu kubwa ya kazi yao kwenye mitambo ya akili unde. Bei ya rafiki aliyenunua miaka miwili iliyopita isiwe kipimo chako. Uliza katika maduka matatu, na uliza pia kadi iliyotumika yenye dhamana, kwani RAM haina kitu kinachozunguka wala kinachochakaa upesi.

Mbele ya fundi

Limebaki jambo ambalo akina mama wengi hulinong'ona na wachache hulisema. Ndani ya kompyuta ya nyumbani mna sitara ya nyumba: picha za harusi zilizopigwa upande wa wanawake, picha za watoto, mazungumzo, hati za vitambulisho. Kompyuta ikilala kwa fundi usiku mmoja, hayo yote yamelala huko pamoja nayo.

Kuongeza RAM hakuhitaji jambo hilo. Ni kazi ya kufungua kifuniko, kuingiza kadi na kufunga, na kwa vipakatalishi vingi haizidi dakika 20. Wala haihitaji nywila yako. Kwa hiyo mwambie kwa upole: "Samahani fundi, nitangoja hapa hapa hadi umalize." Kompyuta ikiwaka, nywila iandike wewe mwenyewe, uangalie kwamba RAM yote imeonekana, kisha uizime. Fundi mwaminifu hatachukia, kwani naye anajua uzito wa amana. Ikiwa ni lazima chombo kibaki, mwombe akufungulie diski uende nayo. Kadi yaweza kuingizwa bila ya diski kuwamo.

Kabla ya kulipa, mwulize mambo manne. Mashine hii inakubali kiasi gani cha juu kabisa? Ina nafasi ngapi, na ngapi zi wazi? Kadi unayoniwekea ni ya aina gani, na ina dhamana ya muda gani? Na ile iliyotolewa iko wapi? Kadi ya zamani ni mali yako. Waweza kuiuza, au kumpa jirani ambaye mashine yake inaikubali.

Sisi tunaoishi karibu na bahari tuna swali la tano. Hewa ya chumvi na unyevu huzila taratibu zile sehemu za chuma ambazo kadi hugusana nazo na ubao mama. Mashine inayogoma kuwaka, inayopiga mlio mfululizo, au inayozimika ghafla, wakati mwingine haihitaji RAM mpya. Inahitaji ile ile itolewe, isafishwe miguso yake kwa uangalifu na kurudishwa mahali pake ikakaa sawasawa. Mwombe fundi aanze na hilo. Ukifika nyumbani na kadi mpya, andika Windows Memory Diagnostic kwenye sehemu ya kutafutia, uiruhusu kompyuta ijiwashe upya na kuikagua RAM yake. Kadi mbovu ni bora igunduliwe siku ya kwanza, risiti ikiwa bado mkononi.

Uamuzi

Keti na jamaa zako nyumbani mwandike mistari mitano kwenye karatasi: tarakimu ya saa ya kazi nyingi, tarakimu hiyo pamoja na robo yake, kiwango cha juu kinachokubaliwa na mashine, aina ya diski iliyomo, na kizazi cha prosesa. Mwite na kijana wa sekondari ashiriki, kwani hisabati atakayoifanya hapo ina manufaa ya moja kwa moja kwake.

Kwa nyumba nyingi zenye 4 GB, karatasi hiyo itasema 8, na pengine SSD pamoja nayo. Kwa chache itasema 16. Na kwa baadhi itasema sifuri: kwamba mashine ina RAM ya kutosha, na kilichohitajika ni kuzifunga kurasa ishirini zisizosomwa na mtu na kuzizuia programu zisizoitwa. Fundi hawezi kuuza sifuri, kwa hiyo jawabu hilo hutalisikia dukani. Ndiyo maana karatasi hiyo yapasa kuandikwa kabla ya kwenda.